“Nikifika na chanjo, kambi iko tupu”: Barua ya mhudumu wa afya kutoka bonde la Yaeda

*“Daktari, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Kwa kabila ni Mwiraqw, ila kitongoji nilichopangiwa kina kambi za Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuhamahama. Kila timu ya chanjo ikija, kambi haina mtu. Kuna siku tulikuta moto bado unafuka moshi lakini watu hakuna. Mzee mmoja alianzishiwa dawa za kifua kikuu, baada ya kama mwezi akahama na familia yake na sijui aliko. Kijijini wanasema watu hawa ni wabishi na hawajali watoto wao. Kiongozi wetu anataka wajengewe nyumba karibu na zahanati ili watulie. Mwalimu mmoja naye anasema tuwaache, kwa sababu Wazungu wamewapima wakakuta wana afya kutushinda. Nakiri pia kwamba naogopa kuambukizwa, maana wanavuta kiko kimoja wote. Nifanyeje?”*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa pamoja na yote yanahusiana, lakini moja haliwezi kungoja. Tuanze na yule mzee.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita: miwili ya kwanza kwa dawa nne zilizochanganywa katika kidonge kimoja, minne inayofuata kwa dawa mbili. Ndani ya wiki chache tu homa hukata, kikohozi hupungua na hamu ya kula hurudi. Hapo ndipo watu huacha, wa Kariakoo kama wa Yaeda, kwa sababu mwili unawaambia wamepona. Vijidudu vinavyokua haraka vimekufa, kweli, lakini vimebaki vile vilivyolala, ambavyo dawa huvimaliza polepole. Ukiacha mapema vinaamka, na vikiamka vinaweza kuwa vile ambavyo dawa zilezile hazivigusi tena. Kwa hiyo leo, si wiki ijayo, mpe taarifa mganga mfawidhi wa zahanati yako na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Waambie alianza lini, alionekana mara ya mwisho lini na alielekea upande gani. Akipatikana, usiamue wewe kama aendelee alipoishia au aanze upya. Hilo linategemea amekosa dawa kwa muda gani na makohozi yanasema nini. Watoto wa chini ya miaka mitano waliolala karibu naye wachunguzwe, na wasio na ugonjwa wapewe dawa ya kinga. Hilo husahaulika mno, nami ningependa wewe usilisahau.

Kuhusu kiko, ondoa hofu. Kifua kikuu husafiri kwa hewa anayoitoa mgonjwa akikohoa, akiimba au akizungumza. Hakipiti kwenye kiko cha jiwe, kibuyu wala sufuria. Tumbaku ina madhara yake kwenye mapafu, na mapafu yaliyochoka kwa moshi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, ila hiyo ni hoja nyingine. Ukikaa nao nje, penye upepo, hatari yako ni ndogo. Vibanda vyao vya nyasi hupitisha hewa. Ningekuwa wewe, ningeogopa zaidi chumba cha kusubiria cha zahanati ambacho madirisha yake yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

Sasa hilo la ubishi. Wahadzabe ni watu elfu moja na kitu hivi, wanaoishi kuzunguka ziwa Eyasi, na wanaoendelea kutegemea uwindaji, mizizi, matunda ya porini na asali kwa sehemu kubwa ya chakula chao ni mia chache tu. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya jambo ambalo wewe umelikuta bila kulijua: hawana chifu. Hakuna mzee mwenye neno la mwisho, na mtu mzima hamwamuru mtu mzima mwenzake. Wakikosana, hawaendi barazani kusuluhishwa. Upande mmoja hubeba vitu vyake na kuhamia kambi nyingine yenye ndugu. Kwao kuhama ndiyo njia ya heshima ya kumaliza ugomvi.

Weka hilo moyoni kisha uitazame timu ya chanjo kwa macho yao. Gari linafika na watu wasiowajua, wamevaa sare. Mmoja anauliza “kiongozi wenu nani?” Mwingine anafoka kwa nini mtoto hana kadi. Anayefokewa hajibu, hapingi, anatikisa kichwa. Kesho yake kambi haipo. Ninyi mnaandika “wamekataa”. Wao wameepuka ugomvi ambao hawakuuanzisha. Na unielewe: ukali wa maneno dhidi ya watu hawa hauanzii kwenye zahanati yako. Wamezoea kuitwa majina dukani, mnadani na shuleni, kwa hiyo hata muuguzi mpole huanza na deni lililowekwa na wengine.

Pili, saa. Timu hutoka wilayani asubuhi, husubiri mafuta, husubiri barafu, ikafika kwenye saa nne au tano. Saa hiyo wanawake wameshaondoka na vijiti vyao vya kuchimbia na watoto wachanga mgongoni, wanaume wametawanyika kila mmoja na upinde wake. Utakuta wazee wawili na watoto wa makamo. Moto uliokuta unafuka moshi huenda haukuachwa na watu waliokimbia, waliuacha watu waliokwenda kutafuta chakula. Ungefika alfajiri, au ungelala kijijini ukaenda jioni, ungekuta kambi nzima.

Mwalimu anayesema tuwaache ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Ni kweli wamepimwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba Wahadzabe watu wazima hupata zaidi ya saa mbili kwa siku za mwendo wa kutosha kuuchangamsha moyo, na shinikizo la juu la damu kwao lilikuwa nadra hata kwa wenye umri mkubwa. Utafiti mwingine umeonyesha kwamba vijidudu vya utumboni mwao ni vya aina nyingi kuliko vya watu wa miji ya Ulaya na Marekani, na hubadilika kufuatana na majira ya chakula. Yote hayo ni kweli. Ila wanaopimwa presha wakiwa na miaka sitini ni wale waliofika sitini. Takwimu za wanaanthropolojia waliokaa nao miaka mingi zinaonyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawafiki miaka 15. Hawaondolewi na sukari wala presha. Wanaondolewa na vichomi, kuhara, malaria, surua, yaani magonjwa ambayo chanjo, maji safi na dawa ya bei nafuu huyazuia au huyatibu. Moyo imara wa babu haumsaidii mjukuu mwenye kichomi. Wala moyo huo si zawadi ya damu isiyotoweka. Umejengwa na mwendo, mizizi yenye nyuzinyuzi na matunda. Ukiondoa mwendo na mizizi, ukaweka soda, ugali mtupu na pombe, utaupoteza kama sisi tulivyoupoteza wa kwetu.

Kiongozi wako naye nusu ya ukweli anayo: zahanati ikiwa karibu ni rahisi kumfikia mgonjwa. Lakini jambo hilo limeshajaribiwa, tena hapohapo. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini ili walime na wasome. Magonjwa ya kuambukiza yaliingia, watu wakafa, waliobaki wengi wakarudi porini. Sababu inafaa uielewe vizuri, kwa sababu ndiyo msingi wa kazi yako.

Surua haiwezi kudumu katika kundi dogo. Inahitaji mamia ya maelfu ya watu ili kila siku pawepo mtoto mpya wa kuambukiza; kwenye kambi ya watu ishirini au thelathini humaliza wote wa kuambukiza mara moja, kisha surua yenyewe inakufa. Kwa hiyo kuishi kwa makundi madogo yanayohamahama kulikuwa kinga ya aina yake. Lakini kinga hiyo inategemea umbali, haimo mwilini. Wakusanye watu mia kadhaa mahali pamoja, kando ya barabara na mnada, na ugonjwa ukiingia unawakuta wote hawajawahi kuugua. Mtoto, mama na bibi wanalala siku moja. Hapo wanaokufa hawafi kwa surua peke yake. Wanakufa kwa sababu hakuna aliyebaki na nguvu ya kuchota maji na kuchimba chakula. Ongeza vyoo visivyokuwepo na chanzo kimoja cha maji, umepata kipindupindu na kuhara juu yake. Ndiyo maana chanjo kwa Wahadzabe ni muhimu kuliko kwa watoto wa mjini, na ndiyo maana nyumba bila maji, vyoo na ridhaa yao si huduma ya afya.

Nasisitiza ridhaa. Kuna Wahadzabe wanaotaka nyumba ya bati na mtoto asome, na hiyo ni haki yao kama ilivyo yangu na yako. Asije mtu akawaambia wabaki porini ili watalii wapate cha kupiga picha. Ninachokataa ni kuhamishwa kwa jina la afya. Jirani zetu Uganda wametuonyesha mwisho wa kuhamishwa, ingawa sababu yao ilikuwa hifadhi: Wabatwa, nao watu wa msituni, walitolewa msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wengi wakaachwa bila ardhi, wakawa vibarua na maskwota kwenye mashamba ya watu, na afya yao ikaporomoka. Huduma iliyokuja kuwasaidia ilianza mwaka 2003 kama kliniki chini ya mti, ikawafuata walipo, kisha ikakua kuwa Hospitali ya Jamii ya Bwindi. Utaona kwamba kuhamishwa kulitangulia na ugonjwa ukafuata, na huduma iliyofaa ni ile iliyowafuata walipo.

Basi wewe ufanye nini Jumatatu? Kwanza badilisha daftari lako. Rejista ya kitongoji inaandika watu kwa kaya na nyumba, na Mhadzabe hana nyumba ya namna hiyo. Andika kwa ukoo wa mama na kwa mahali pa maji. Mtoto fulani, mama yake fulani, bibi mzaa mama fulani, wakati wa masika huwa upande gani, kiangazi huwa kisima gani. Kambi huvunjika na kuungana, lakini mtu habadilishi bibi. Ukimpoteza mama, mtafute bibi.

Huyo bibi ana uzito kuliko unavyodhani. Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti kwa Wahadzabe tangu miaka ya 1980, waligundua kwamba mama anapojifungua tena, kukua vizuri kwa mtoto aliyetangulia kunakwenda sambamba na bidii ya bibi ya kuchimba mizizi. Kwa lugha ya zahanati, bibi ndiye mpango wa lishe wa kambi. Sasa sisi tunafanya nini? Tunamwita mama kijana kwenye semina, tunamfundisha uji wa mahindi, bibi tunamwacha nje ya kikao. Anza na yeye. Muulize anampa nini mtoto anayeanza kula. Mara nyingi atakwambia unga wa ubuyu uliokorogwa na maji, na usimkosoe, kwa sababu ubuyu una vitamini C kwa wingi. Swali lako liwe ni maji ya wapi, na kama yanaweza kuchemshwa kwanza. Asali ni jambo la kuzungumza kwa upole zaidi. Ushauri wa kitabibu ni kutompa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Asali kwao ni chakula kinachopendwa kuliko vyote. Ukianza na makatazo ya asali siku ya kwanza, sidhani kama utapata siku ya pili.

Halafu panga huduma ya mkoba, yaani ile ya kuwafuata watu walipo, kwa majira yao. Kiangazi maji yanapokauka kambi huwa kubwa zaidi na hukaa karibu na visima vya kudumu. Huo ndio wakati wa kuwapata watoto wengi kwa safari moja. Masika watu hutawanyika, na gari lenu pia hunasa kwenye tope, kwa hiyo msijidanganye kwa ratiba ya kila mwezi inayopendeza ukutani. Hospitali ya Haydom, iliyopo tangu 1955, imekuwa ikipeleka kliniki za mama na mtoto vijijini kwa gari na hata kwa ndege ndogo. Uliza ratiba yao kabla hamjapanga yenu, msije mkagongana kwenye kisima kimoja huku kingine kikikaa mwaka bila mtu.

Kuna jambo dogo ambalo wahudumu wengi hawaambiwi. Mtoto aliyekosa dozi haanzi upya. Ratiba inasema chanjo ya magonjwa matano wiki ya 6, 10 na 14, surua na rubela miezi 9 na 18. Akija na miezi 11 akiwa na dozi moja tu, anaendelea na ya pili. Kazi ya ile ya kwanza haijapotea. Na kadi ikiwa imelowa au imepotea, usimrudishe mama. Weka nakala kwenye daftari lako. Mama aliyetembea nusu siku akaambiwa “nenda kalete kadi” hatarudi, na mimi nisingerudi.

Dawa za kifua kikuu nazo zinawezekana kwa watu wanaohama, mradi mhama na dawa wasitengane. Mwongozo wa Tanzania unamruhusu mgonjwa kuchagua msimamizi wake nyumbani badala ya kufika zahanati kila siku. Kwa mzee yule msimamizi awe mtu atakayehama naye. Mwenyekiti wa kitongoji hafai, yeye anabaki. Mwombe mratibu dawa za muda mrefu zaidi kidogo kipindi cha kuhama, na mkubaliane kisima ambako mtakutana. Mwambie pia kwamba dawa ni za bure. Wengi hawajui, au wamewahi kudaiwa kitu na mtu asiyestahili.

Lililo kubwa kuliko uwezo wako, lakini ulijue: afya ya hawa watu iko kwenye ardhi yao. Mifugo ikimaliza maji na mashamba ya vitunguu yakisogea, mizizi na wanyama hupungua, na hapo ndipo njaa inapoingia. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo la zaidi ya hekta 20,000. Juu ya hati hiyo pakajengwa mradi wa hewa ukaa, yaani malipo ya kutunza msitu unaofyonza hewa hiyo, na sehemu ya mapato yake imetumika kulipia matibabu, ada za shule na walinzi wa msitu wanaotoka katika jamii yenyewe. Ikiwa kijiji chako kimo kwenye mpango huo, hudhuria mkutano wanaopanga matumizi na ueleze unachokiona: usafiri wa mama mjamzito, maji ya kisimani. Usiwaamulie. Leta taarifa, waamue wao. Pesa za watalii zina sura nyingine. Zinaingia taslimu, na nyuma yake hufuata mtu mwenye madumu ya pombe. Elimu ya pombe kwa mnywaji peke yake haitoshi kama muuzaji anafika hadi kambini, na hilo ni la serikali ya kijiji kulikomesha.

Mwisho wa ushauri wangu hautakufurahisha. Kazi hii angeifanya vizuri zaidi Mhadzabe. Mpango wa taifa wa wahudumu ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024, unalenga wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, mwanamume na mwanamke kwa kila kitongoji. Kama kwenye kambi zako hakuna anayekidhi vigezo vya elimu, omba kwa maandishi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya wapatikane wasaidizi wawili wanaokubalika kambini, mmoja mwanamke, wakuongoze na kukutafsiria kwa bibi ambaye Kiswahili chake ni cha dukani tu. Walipwe. Wakijitolea bure mwaka mzima huku wewe unapokea posho, wataona tofauti hiyo kabla yako.

Na haya yasingoje barua yangu ijayo. Mpeleke mtu zahanati au hospitali siku hiyohiyo ukiona: mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua haraka au mbavu zinabonyea, aliyepata degedege au kuzimia, mjamzito anayetoka damu au anayeumwa kichwa sana na kuona ukungu, mtu anayekohoa damu, aliyeanguka kutoka mbuyuni akitafuta asali, ambaye hapaswi kukalishwa wala kukunjwa mgongo, alazwe juu ya ubao akiwa amenyooka, na aliyeumwa na nyoka, ambaye hachanjwi kwa wembe, hafungwi kamba ya kubana, kiungo kinatulizwa kwa gango na safari inaanza. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi wiki hiyohiyo. Namba ya dereva wa gari la wagonjwa iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari jipya, na uwaachie nakala wale wasaidizi wawili, pamoja na salio la simu la kumpigia.